Presha, Unyumba na Swali Lililochelewa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa hiki kinaandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu, wauguzi na wauza dawa, na pia kwa mwanaume yeyote anayemeza kitu kwa siri. Mgonjwa na mkewe wameridhia kisimuliwe. Umri, kazi na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa, na vituo vyote vya afya vimeachwa bila majina.

Usuli

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka hamsini na kitu, muuza vipuri vya magari katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Ana mke mmoja na watoto. Presha iligundulika miaka sita kabla ya tukio, akaanzishiwa atenololi na bendrofluazaidi kwenye zahanati iliyo karibu na duka lake. Hakuwa mtoro. Kila mwezi alipanga foleni, akapimwa, akaandikiwa dawa zilezile, akaondoka. Daftari lake limejaa namba za presha ukurasa baada ya ukurasa, ila kipimo cha sukari kimeandikwa mara moja tu, mwaka ule wa kwanza.

Shida ya nguvu za kiume ilianza polepole, kama miaka miwili kabla hajafika kliniki yetu. Mwanzoni uume ulisimama vizuri kisha ukalegea katikati ya tendo. Baadaye ukawa hausimami vya kutosha hata kuanza. Kule kusimama kwa alfajiri, ambako mwanaume huamka nako bila kuwaza lolote, kukapungua hadi kukapotea. Hamu ya tendo la ndoa, hata hivyo, ilibaki palepale. Mambo haya mawili, alfajiri kukatika na hamu kubaki, yana uzito mkubwa katika kisa hiki.

Alianza kujitibu kwa chakula, kama wanavyoanza wengi: mihogo mibichi, nazi na karanga za wapita njia mchana, supu ya pweza jioni. Hakuna ubaya hapo, ni chakula. Halafu akahamia kwenye unga unaoitwa vumbi la Kongo, uliofungwa kwenye kipakti kisicho na maandishi yoyote, akaelekezwa aukoroge kwenye uji. Mwisho akaingia duka la dawa na kununua sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, ya miligramu 100, kidonge kimoja kimoja. Hakuulizwa ana ugonjwa gani wala anatumia dawa gani nyingine. Alitueleza kwamba muuzaji alikifunga haraka haraka, na yeye mwenyewe alitaka iwe hivyo kwa sababu nyuma yake alisimama jirani.

Ndipo rafiki yake wa kijiweni akamwambia kwamba dawa za presha ndizo zinazommaliza. Akaziacha zote mbili siku hiyohiyo. Mkewe hakujua, zahanati haikujua.

Usiku wa tukio

Wiki ya tatu baada ya kuacha dawa, alikoroga unga kwenye uji na kumeza kidonge cha miligramu 100 juu yake. Kama saa moja baadaye kichwa kilianza kugonga, uso ukawaka moto, kifua kikabana. Mkewe alimwamsha kijana wa nyumba ya pili, wakaita bajaji, wakakimbilia kituo cha afya.

Presha ilikuwa 172/104. Mbele ya mhudumu wa zamu alikuwapo mwanaume mnene wa makamo, mgonjwa wa presha, ameshika kifua. Mhudumu alifikiri moyo, kama ambavyo wengi wetu tungefikiri, akampa isosobaidi, dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, chini ya ulimi. Dakika chache baadaye presha ilikuwa 76/44. Jasho baridi lilimtoka, macho yakazungukazunguka, akawa hajibu akiitwa.

Wakamlaza chali, wakainua miguu, wakafungua maji ya dripu. Muuguzi mmoja wa siku nyingi aliiangalia ile namba, akamwangalia mke aliyesimama kando ya kitanda, kisha akasema kwa upole, "Mama, naomba utusaidie kumnunulia maji hapo nje." Mke alipotoka, muuguzi akainama hadi sikioni mwa mgonjwa aliyekuwa ameanza kuzinduka: "Mzee, leo umekunywa dawa gani? Nataka kukusaidia, simwambii mtu." Mgonjwa akajibu kwa sauti ya chini, "Ile ya wanaume."

Jibu hilo lilibadilisha matibabu yote. Hakupewa tena dawa ya jamii ya naitreti, na barua ya rufaa ikaandika wazi kwa wino mwekundu alichokuwa amemeza na saa aliyokimeza. Hospitali alikopelekwa walipima umeme wa moyo na kurudia kipimo cha damu cha kuonyesha kama misuli ya moyo imejeruhiwa. Haikuwa imejeruhiwa. Siku ya pili aliruhusiwa.

Tuseme kwa nini presha ilianguka namna ile. Ili uume usimame, mishipa ya damu lazima ilegee na kufunguka, damu ijae. Kinachoiamuru ilegee ni gesi ambayo mwili wenyewe huitengeneza, naitriki oksaidi. Waliogundua kazi yake mwilini walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Gesi hii huamsha kemikali inayolegeza mishipa, na sildenafili huizuia kemikali hiyo isivunjwe mapema. Naitreti za moyo, kwa upande wao, huuletea mwili naitriki oksaidi kwa wingi. Vikikutana viwili hivi, mishipa ya mwili mzima inafunguka kwa mkupuo na presha inaporomoka. Hii si ajali ya nadra isiyotabirika. Mgonjwa aliyetumia sildenafili hatakiwi kupewa naitreti hadi zipite angalau saa 24, na kwa tadalafili, inayokaa mwilini muda mrefu zaidi, angalau saa 48.

Mazungumzo ya kwanza kliniki

Alifika kwetu kama siku kumi baadaye, mwenyewe, akiwa na barua. Kliniki yetu ya presha na kisukari ina meza mbili ndani ya chumba kimoja, na mgonjwa wa meza ya pili husikia kila kitu. Tukamhamishia chumba cha kufungia vidonda, kilichokuwa wazi saa ile, tukafunga mlango.

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimuuliza hivi: "Mzee, wagonjwa wengi wa presha hupata shida ya unyumba. Mara nyingine ni ugonjwa, mara nyingine ni dawa zetu. Kwako hali ikoje?" Alizungusha kofia yake mikononi kwa muda, halafu akasema, "Daktari, hilo ndilo lililonipeleka hospitali usiku ule. Miaka sita nahudhuria kliniki, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Swali liliundwa vile kwa makusudi. Linamwambia mgonjwa kwamba hayuko peke yake, linakubali kwamba dawa zinaweza kuhusika, na halimlazimishi ataje jambo kabla hajawa tayari. Kwamba si yeye peke yake ni kweli tupu: utafiti mkubwa wa Massachusetts, Marekani, ulikuta kiasi cha nusu ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 wana tatizo hili kwa kiwango fulani.

Tukajaza naye dodoso la maswali matano, IIEF-5, ambalo alama zake huanzia 5 hadi 25; kuanzia 22 mtu huhesabiwa hana shida. Yeye alipata 9. Kisha maswali ambayo dodoso halina. Lilianza ghafla au taratibu? Taratibu. Je, kwa mwanamke mwingine au akiwa peke yake hali ni tofauti? Hapana, ni ileile. Anakojoa sana usiku? Ndiyo, na kiu haimwishi, alidhani ni joto. Miguu inachoma au kufa ganzi? Nyayo hufa ganzi jioni.

Tatizo linapoanza ghafla, likatokea mahali pamoja na kutoweka mahali pengine, huku uume ukisimama vizuri alfajiri, mara nyingi mzizi uko kwenye mawazo, hofu au uhusiano. Kwa mzee huyu kila jibu lilielekeza kwenye mishipa ya damu na ya fahamu.

Vipimo vikathibitisha. Presha 168/102, kiuno sentimita 108, sukari kabla ya kula 11.4 (kuanzia 7.0 ni kisukari), HbA1c inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu asilimia 9.1. Lehemu mbaya ilikuwa juu. Figo nzima. Nyayo zake hazikuhisi uzi wa kupimia ganzi kwenye sehemu kadhaa. Testosteroni, iliyopimwa asubuhi kama inavyotakiwa, ilikuwa ya kawaida.

Alikuwa na kisukari ambacho huenda kilishakaa mwilini miaka kadhaa. Dalili iliyomsumbua kuliko zote, ile aliyoihangaikia kwa mihogo, unga na vidonge, ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutompa dawa ya nguvu za kiume siku ile, ingawa ndiyo aliyoijia. Kifua kilikuwa kimebana, na hatukujua kama ni athari ya dawa au ni mishipa ya moyo. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Mafuta na uharibifu vinapoanza kuiziba mishipa ya mwili, ile midogo ndiyo hulalamika kwanza, na shida ya uume inaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Kwa hiyo alipelekwa kwanza kupimwa moyo akitembea kwenye mashine. Alimaliza hatua ambazo ni ngumu kuliko jasho la tendo la ndoa, bila maumivu na bila dalili za moyo kukosa damu. Nilimweleza mapema kwamba kipimo hicho si cha kumnyima dawa, ni cha kumpa kwa usalama. Nadhani bila maelezo hayo tusingemwona tena.

Wa pili ulihusu dawa za presha, na hapa nasimama kidogo. Rafiki wa kijiweni hakuwa mwongo kabisa. Dawa za jamii ya atenololi, na zile za kukojosha za jamii ya bendrofluazaidi, zinatajwa kati ya zinazoweza kudhoofisha nguvu za kiume. Lakini kuna utafiti wa Italia uliochapishwa 2003 ambao kila mtoa dawa angepaswa kuujua: wanaume 96 walipewa atenololi. Kwa wasioambiwa wanapewa nini, karibu asilimia 3 walipata shida. Kwa walioambiwa jina la dawa tu, karibu 16. Kwa walioambiwa pia kwamba inaweza kuathiri nguvu za kiume, 31. Maneno nayo yanaingia mwilini. Pamoja na hayo, sikubali hoja ya wanaosema basi tunyamaze. Mzee huyu hakuambiwa kitu kliniki, akaambiwa kijiweni, na huko hakupewa dawa mbadala.

Kuacha atenololi ghafla ni hatari yenyewe: presha inaweza kuruka na kifua kubana, hasa kwa mwenye mishipa mibovu ya moyo. Inapunguzwa hatua kwa hatua. Kwa kuwa alikwisha kukaa bila dawa wiki kadhaa, hatukumrudisha kwenye zile za zamani. Tulimwanzishia losatani na amlodipini, ambazo hazina sifa mbaya ya kudhoofisha nguvu za kiume, na losatani ina faida ya kulinda figo za mwenye kisukari. Akaongezewa metfomini kwa sukari na atovastatini kwa lehemu. Nilimwambia hivi: "Ukihisi dawa yoyote inakuharibia, njoo tuibadilishe. Usiiache kimyakimya."

Sindano ya testosteroni aliiomba kwa jina, maana alishaisikia. Hakupewa. Homoni yake ilikuwa sawa na hamu ilikuwapo. Sindano ingemgharimu fedha bila kugusa chanzo.

Mazoezi yaliandikwa kama dawa, kwa kipimo: kutembea kwa kasi ya kutoa jasho dakika 40, mara nne kwa wiki. Alichagua barabara ya ufukweni baada ya swala ya alfajiri.

Mwishoni alipewa kadi ndogo ya kuweka kwenye pochi nyuma ya kitambulisho, yenye orodha ya dawa zake na mstari unaosema kwamba anaweza kuwa ametumia sildenafili, asipewe naitreti kabla ya kuulizwa.

Mke

Tulimwomba aje na mkewe ziara ya pili. Alikuja peke yake, akasema mama ana shughuli. Ziara ya tatu pia. Ukweli ni kwamba hakuwa amemwambia. Tukabadili njia: muuguzi alimpa karatasi ya mwaliko wa somo la lishe ya kisukari kwa wapishi wa nyumbani, somo ambalo kweli tunalitoa. Mama alifika wiki hiyohiyo.

Baada ya somo, mume akiwa ameridhia, tuliketi watatu. Mama alisikiliza maelezo ya mishipa na sukari hadi mwisho, kisha akasema akimtazama mumewe, "Mimi miaka miwili najua una nyumba ndogo. Nilishajipanga kuondoka watoto wakimaliza shule." Mume hakuweza kujibu. Alikuwa akihamia chumba cha mbele usiku kwa kisingizio cha joto ili asijaribu na kushindwa, na kila usiku aliohama ulikuwa ushahidi mwingine kwa mkewe.

Mama naye alikuwa na lake. Tangu hedhi ikome, tendo lilikuwa linamuuma, na kwa kiasi fulani alishukuru kuachwa apumzike. Alipewa ushauri wa jeli ya kulainisha ya maji na kuelekezwa kliniki ya wanawake. Tungetibu uume peke yake, tungempelekea mama maumivu.

Matokeo

Sildenafili ilianza baada ya kipimo cha moyo, presha ikiwa imetulia, kwa miligramu 50. Mara ya kwanza haikufanya kazi: aliimeza baada ya sahani ya pilau harusini, na chakula cha mafuta mengi huichelewesha. Mara ya pili aliimeza tumbo likiwa tupu, akakaa mbele ya televisheni akisubiri uume usimame wenyewe. Dawa hii haisimamishi chochote bila ashiki. Lazima pawe na kushikana, maneno, muda. Tulirudia maelezo, safari hii mama akiwapo, na 50 ikaleta nafuu nusu. Ikapandishwa hadi 100, isiyozidi kidonge kimoja kwa saa 24, na onyo kwamba uume ukisimama zaidi ya saa nne mfululizo ni dharura ya hospitali.

Baada ya miezi sita alama zake zilikuwa 18 kutoka 9. HbA1c ilishuka hadi 7.2, presha ikawa 132/82, kilo sita zilipungua. Alfajiri nyingine uume husimama wenyewe. Bado anahitaji kidonge mara nyingi, na ganzi ya nyayo haijaondoka. Mishipa ya fahamu iliyoumia kwa sukari hairudi upesi, na mingine hairudi.

Haikuwa njia iliyonyooka. Mwezi wa nne biashara iliyumba, hela ya vidonge ikakosekana, akarudi kwenye unga. Safari hii alituambia. Tulimweleza tena kwamba mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi bidhaa zinazouzwa kama za asili zimechanganywa sildenafili kwa siri, kwa kiasi asichokijua mnywaji. Tukatafuta sildenafili isiyo ya chapa maarufu, ambayo bei yake ni ndogo zaidi.

Uchambuzi

Kilichookoa maisha usiku ule ni muuguzi kumtoa mke chumbani kwa heshima na kuuliza swali moja. Hakuna kifaa kilichofanya kazi hiyo. Kila mwanaume anayefika na maumivu ya kifua aulizwe, kabla ya naitreti, kama ametumia kitu chochote cha nguvu za kiume siku mbili zilizopita, unga na mitishamba vikiwamo, na aulizwe bila ndugu kusikia. Mke hawezi kujibu kwa niaba yake, maana mara nyingi yeye ndiye anayefichwa.

Kilichoshindikana kilianza mapema zaidi. Miaka sita ya mahudhurio kamili bila swali la unyumba, na sukari kupimwa mara moja kwa mtu mwenye presha na kiuno kile, ni pengo la mfumo wa kliniki ya foleni: mgonjwa anapimwa kile alichokuja nacho tu. Mgonjwa hakuwa mkaidi. Kwa taarifa alizokuwa nazo, kuacha dawa ulikuwa uamuzi wenye mantiki, naye aliufanya peke yake kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfungulia mlango wa kuuzungumza.

Duka la dawa lilikuwa nafasi nyingine iliyopotea. Maswali mawili yangetosha: una presha, kisukari au moyo? Unatumia dawa gani? Muuzaji anayeona aibu anaweza kuyaandika kwenye kadi na kumsogezea mteja juu ya kaunta. Nimeona duka moja likifanya hivyo, na wateja wanajibu.

Kumshirikisha mke kulifanikiwa, ila kulichelewa kwa sababu mwaliko ulipitia kwa mtu mwenye sababu kubwa kuliko zote ya kutoufikisha. Sasa tunawaalika wenza wa wagonjwa wote wa kisukari, wanaume kwa wanawake, kwa karatasi moja isiyotaja unyumba. Swali lenyewe limeingizwa kwenye fomu ya ziara ya kwanza, kati ya sigara na usingizi, na huulizwa katika chumba cha vidonda kila kinapokuwa wazi. Meza mbili bado ziko chumba kimoja. Ombi la ukuta wa mbao kati yake limekwisha kupelekwa kwa uongozi.

Mgonjwa anarudi kila miezi mitatu. Kinachofuata ni kupimwa macho, kwa kuwa mishipa ya retina nayo ni midogo na sukari ilikaa muda mrefu bila kujulikana, na kujaribu kushusha sildenafili hadi 50 iwapo uzito utaendelea kupungua.